Barua ya wazi kwa wakuu wa masoko ya mtandaoni: hiyo fomu yenu ya spea irekebisheni

Wakuu habari za kazi. Naandika kwenu nyie mnaoendesha masoko ya mtandaoni ambako mtu binafsi anamuuzia mtu binafsi mwenzake, na pia kwenu nyie mnaotunga sheria za biashara ya mtandao, maana hili jambo mmeliacha katikati, kila mmoja anadhani ni la mwenzake. Mimi nanunua spea za gari zilizotumika na pia nauza, gari likishakuwa halitengenezeki nalichinja nauza kipande kipande, kwahiyo machungu ya pande zote mbili nayajua na sijaja hapa kumtetea mtu.

Najua mkisikia malalamiko ya spea mtandaoni kitu cha kwanza mnachowaza ni matapeli. Matapeli wapo, na hamtawamaliza leo wala kesho, ila mimi leo siongelei matapeli. Naongelea watu wawili waaminifu kabisa, mmoja anauza, mwingine ananunua, hakuna aliyedanganya, na bado wanaishia kutukanana inboksi. Hiyo imesababishwa na fomu yenu ya kuweka tangazo.

Iangalieni wenyewe. Mtu anataka kuuza altaneta (kile kifaa kinachochaji betri ya gari), mnamuuliza kichwa cha tangazo, bei, picha, hali ya bidhaa kama ni mpya au kama mpya au imetumika, aina ya gari, mwaka, basi, tangazo liko hewani. Hayo ni maswali ya kuuzia kochi. Kochi likishapita mlangoni kwangu kesi imeisha, altaneta ikishapita mlangoni kwangu kesi ndo kwanza inaanza, kwasababu sasa inabidi ikae mahali pake, bolti ziingie, puli ilingane na mkanda, plagi ya waya ikubali, halafu ichaji.

Niwape moja iliyonikuta. Tangazo lilikuwa na jina la gari na mwaka, picha tatu nzuri altaneta imeoshwa inang'aa, zote zimepigwa kwa mbele upande wa puli. Nikamuuliza muuzaji itaingia kwenye gari langu, akajibu itaingia kiongozi bila shida. Na mimi naamini alikuwa anaamini anachosema. Mzigo ukafika, fundi akaweka ya zamani na hii mpya kwangu pembeni kwa pembeni juu ya turubai, masikio ya bolti sawa, puli mifereji ileile, akageuza nyuma akacheka tu. Ya zamani ina plagi ya pini tatu, hii ina pini nne na umbo la plagi lenyewe tofauti. Muuzaji nikamtumia picha akaniambia nikate waya niunganishe. Nikafungua kesi kwenye apu, na baada ya kusubiri nikajibiwa kwamba bidhaa inalingana na picha za tangazo hivyo kesi imefungwa. Na kweli ililingana na picha! Hilo ndo lililoniuma zaidi, kwamba kwa sheria zenu muuzaji hakukosea, mnunuzi hakutapeliwa, na altaneta haiingii kwenye gari. Na nyuma ya hiyo altaneta kulikuwa na stika safi kabisa inasomeka yenye namba ya spea, ingepigwa picha hiyo stika tu tusingefika hapo.

Namba ya spea ndo kitu mnachokikosa kwenye fomu. Karibu kila kifaa cha maana kwenye gari kinatoka kiwandani na namba yake, ama kwenye stika ama imegongwa kwenye chuma ama imo kwenye plastiki yenyewe. Chukua Toyota, namba zao kwa kawaida ni tarakimu na herufi kumi zinagawanywa tano tano, tano za mwanzo zinakwambia ni kifaa gani, 27060 ni altaneta, halafu zile tano za mwisho zinakwambia ni altaneta ipi hasa kati ya altaneta zote walizowahi kuweka. Kwenye magari ya kundi la Volkswagen kuna herufi mwishoni mwa namba, na kwenye vifaa vya umeme hiyo herufi moja inaweza kuwa ndo tofauti ya kifaa kufanya kazi na kugoma. Sasa nyie mmeacha hiyo namba, mmemuuliza mtu mwaka wa gari. Mwaka! Kila fundi anajua kwamba gari lilelile mwaka uleule linaweza kuwa limebadilishwa sura katikati ya mwaka, wa kabla ya mwezi fulani wana taa hii na waliofuata wana taa ile, na injini mbili tofauti chini ya boneti zinazofanana. Na huo mwaka wenyewe wengine wanaandika mwaka gari lilipotengenezwa, wengine mwaka liliposajiliwa, hivyo mnatuuliza swali ambalo jibu lake halisaidii halafu mnatuhukumu kwa hilo jibu.

Kwahiyo ombi langu la kwanza ni dogo mpaka aibu. Wekeni sehemu ya namba ya spea na picha ya hiyo namba, iwe lazima, bila hiyo tangazo la spea lisipande. Kama namba imefutika basi muuzaji aseme imefutika na mnunuzi alione hilo kabla hajalipa. Na picha ya plagi, maana plagi ndo inayogomesha vitu vingi. Hamhitaji injinia kwa hili, mnahitaji visanduku viwili zaidi kwenye fomu.

Na maswali yabadilike kulingana na kifaa, msiulize rimu kama mnavyouliza kioo. Rimu ina idadi ya bolti na upana wa duara la bolti, kuna za 5x112 na za 5x114.3, ziangalie kwenye picha hata macho ya tai hayaoni hizo milimita mbili na pointi tatu, na kuna watu wanalazimisha nati mpaka ziingie halafu wanatembea barabarani na familia. Tairi lina namba ubavuni inayoanza na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, ukiona 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa tairi zote tangu 2000 ndo hivyo. Mtu anaweka tairi "kama mpya" kashata (meno ya tairi) zote zipo, kumbe lina umri wa mtoto wa darasa la tano. Picha moja ya hizo namba nne imemaliza mjadala. Taa za mbele nazo ulizeni zimetoka kwenye gari la usukani upi, kwasababu taa za nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara zinamulika juu kidogo upande wa kulia, ukizipeleka kwa wanaoendesha kushoto unampofusha anayekuja mbele yako, na kwa nje zinafanana kabisa, tofauti iko ndani ya taa.

Kontroli boksi, yani kompyuta inayoendesha injini, ndo balaa zaidi. Zimefungamana na imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi) na funguo za gari zilikotoka, unainunua, namba zimelingana herufi kwa herufi, unafunga, gari linapiga stata haliwaki. Sio mbovu. Inasubiri funguo ambayo haipo. Muuzaji wa kawaida hajui hilo na mnunuzi wa kawaida hajui hilo, nyie mnaona kesi za namna hii kila siku ndo mlipaswa mjue, na mstari mmoja tu wa onyo kwenye tangazo la kontroli boksi ungetosha: inauzwa na seti yake ya funguo au peke yake?

Sasa nije kwenye hela, hapa naomba mnisikilize vizuri. Yale masoko yenu yanayoshikilia hela ya mnunuzi mpaka athibitishe ni kitu kizuri sana na nawapongeza kwa hilo, lakini muda mnaotoa umepigiwa hesabu ya simu na viatu. Simu naiwasha mlangoni. Giaboksi siiwashi mlangoni wakuu. Giaboksi inasubiri fundi apate nafasi, fundi anasubiri gari livutwe, ishushwe ya zamani, ipandishwe hii, iwekwe oili, gari litembee lipate moto ndo tujue kama gia ya tatu inaruka, na wakati huo hela imeshamfikia muuzaji kitambo na kesi hamfungui tena. Nashauri kipindi kiwe na hatua mbili. Ya kwanza fupi, ya muonekano, namba ni ileile, haijavunjika njiani, masikio ya taa yote yapo. Ya pili ndefu, ya ufanyaji kazi, kwa injini, giaboksi, na vitu vya umeme tu, na mnunuzi akitaka kulalamika kwenye hatua ya pili alete picha au video ya kifaa kikiwa kimefungwa kwenye gari, asilete maneno.

Hapo wauzaji wenzangu watakuja juu, na wana haki, nami nimo. Kwasababu kuna mchezo mmoja mchafu wa wanunuzi ambao sijawahi kuona mkiuongelea. Mtu ananunua kwako altaneta nzima, anafunga kwenye gari lake, anachukua yake mbovu aliyoitoa anaiweka kwenye boksi lako lilelile anakurudishia, anasema haifanyi kazi nataka hela yangu. Na kwenye picha altaneta mbili za namba moja ni mapacha, wewe unapiga kelele kwamba hii sio yangu na anayesikiliza kesi hana cha kuona. Sisi tumejifunza kuweka alama za rangi mahali pa siri, tone moja kwenye kichwa cha bolti na jingine linalovuka mahali vipande viwili vinapokutana ili kikifunguliwa lionekane limekatika, na kupiga picha kabla ya kufunga boksi. Lakini hizo picha ziko kwenye simu yetu, mnunuzi anaweza kusema tumezipiga baadae. Mngeweka sehemu ndani ya apu muuzaji apige picha hapohapo wakati anafunga mzigo, zibaki kwenu na saa yake, mnunuzi asizione mpaka kesi ikitokea, huo mchezo ungepungua sana bila polisi wala mwanasheria. Na injini hivyohivyo, video ya injini ikiunguruma haina maana kama sijui ni injini ya nani, iwe video moja isiyokatwa inayoanzia kwenye namba ya injini, inaenda kwenye dashibodi yenye kilomita, na karatasi yenye jina la akaunti, ndo iwashwe ikiwa baridi. Ikishakuwa ya moto hata injini iliyochoka inapiga vizuri.

Usafirishaji nisiongee mengi, kila mtu anajua injini imwagwe oili kabla ya kusafirishwa, mnajua nyie, wanajua wasafirishaji, na bado maboksi yanafika yamelowa.

Jambo la vifaa vya wizi naliweka mezani kwenu kwa mkono mzito kwasababu najua mtasema hamna uwezo. Mnao. Magari mengi ya kisasa yana namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17, haina I wala O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0, na mtu anayechinja gari lake anaijua au anaweza kuisoma pale kwenye kioo cha mbele au kwenye fremu ya mlango. Marekani tangu 1984 walitunga sheria ya kuweka namba kwenye vipande vikubwa vya magari yanayoibiwa sana, injini, giaboksi, milango, boneti, bampa, hivyo wazo la kufuatilia kipande mpaka kwenye gari lake sio jipya hata kidogo. Ombeni namba ya chasisi ya gari lilikotoka kifaa, ibaki kwenu, isionekane hadharani maana nayo inatumika vibaya, lakini ibaki. Mwizi hataki kuandika kitu. Mimi niliyechinja gari langu mwenyewe sina cha kuficha, na ikitokea siku polisi wanauliza nina pa kuwaonyesha.

Na kwenye katalitiki za ekzosi (kile chombo cha kusafisha moshi) fanyeni hili kesho. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndo maana watu wanaingia uvunguni mwa gari usiku na msumeno wa betri, dakika chache wameondoka, mwenye gari asubuhi anawasha linanguruma kama trekta. Bei ya rodiamu ilivyopaa 2021 hiyo kazi ikawa ajira. Kwa kawaida katalitiki ina namba ya kiwanda lakini haina namba ya chasisi, kwahiyo ikishatoka chini ya gari haina mwenyewe. Mtu anayeweka matangazo ya katalitiki tano za magari matano tofauti kwenye akaunti ya mtu binafsi, jamani, hayo magari matano yamemfia yote wiki moja?

Kuna vitu vingine ambavyo kwa maoni yangu watu binafsi hatupaswi kuuziana kabisa, na hapa nawageukia zaidi nyie wa sheria. Eabegi. Wote tunakumbuka au tunapaswa kukumbuka suala la Takata, kampuni iliyokuwa inatengeneza eabegi, kemikali ya amoniamu naitreti ndani ya kile kifaa kinachojaza mfuko ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka, gari likigongwa badala ya kujaza mfuko inalipuka na kurusha vyuma usoni kwa dereva, mamilioni kwa mamilioni ya magari ya makampuni mengi yakaitwa kurudishwa dunia nzima, na kampuni yenyewe ikafilisika 2017. Sasa eabegi ya mtandaoni iliyotoka kwenye gari lililochinjwa, nani ameangalia kama ni ya kundi hilo? Picha inaonyesha usukani mzuri wenye nembo. Tena hizi ni bidhaa hatari kusafirisha, zina namba yake ya kimataifa, UN 3268, halafu mtu anaifunga kwenye boksi la viatu anaandika "spea". Mikanda ya usalama yenye kifaa cha kuvuta wakati wa ajali nayo hivyohivyo, ikishafyatuka haifai tena. Na pedi za breki zilizotumika, sijui hata nani alifikiria kuruhusu kundi hilo liwepo. Zuieni hivyo vichache kwa nguvu zote, mtuachie milango, taa, viti na injini zetu kwa amani.

Maana hofu yangu nyingine ni kwamba mkisoma barua hii mtaamka na kutubana wote kwa pamoja. Mtasema kila anayeuza spea awe na leseni. Hapana. Mtu aliyepata ajali, gari limekunjwa nyuma, mbele kuna taa mbili nzima na rejeta nzima, ana haki ya kuviuza bila kuwa kampuni, na mwenzake anayetafuta taa ya gari lisilotengenezwa tena ana haki ya kuipata. Mnayetakiwa kumbana ni mfanyabiashara anayejifanya mtu binafsi. Anajificha huko kwasababu inalipa: Umoja wa Ulaya kwa mfano ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara una siku 14 za kubadili mawazo, ukinunua kwa mtu binafsi huna. Basi anafungua akaunti ya kawaida, anaandika "nauza vya kwangu, hakuna kurudisha", na ana giaboksi kila wiki. Marekani walijaribu, sheria yao ilianza kufanya kazi Juni 2023, muuzaji akifikisha mauzo 200 na dola 5,000 ndani ya miezi 12 soko linalazimika kuhakiki ni nani. Safi kabisa. Ila isomeni vizuri, inahesabu bidhaa mpya au ambazo hazijatumika. Spea zilizotumika zimeachwa nje, yani pale penye kujificha kwingi ndo pameachwa wazi. Mnaotunga sheria kwingine msinakili na hilo tundu lake.

Nyie wa masoko hamhitaji hata kusubiri sheria, hizo hesabu mnazo tayari, mnajua akaunti ipi imeuza injini ngapi, mnajua kabisa kwasababu mnaitumia hiyohiyo taarifa kumletea matangazo ya kulipia. Akaunti ikizidi kiwango igeuzwe kuwa ya biashara, ionekane hivyo, na ibebe majukumu ya biashara.

Kama mtaona haya yote ni mengi kwa wakati mmoja basi anzeni na namba ya spea na picha yake, na muanzie kwenye altaneta, stata, giaboksi na kontroli boksi, milango na bampa zitafuata. Na mkiweka hicho kisanduku msiruhusu mtu aandike "inaingia zote" akapita, maana tunawajua, tutajaribu.

Nasubiri majibu yenu, sio yale ya mashine.

Mimi,
mnunuzi na muuzaji wa spea zilizotumika, na mlipa kamisheni wenu mwaminifu